Darubini ya Dobson na picha za anga: soma kabla hujakodi kwetu Tabora

Swali tunaloulizwa sana hapa studio ni hili: "Nikiikodi hiyo darubini kubwa, nitapata zile picha za mawingu ya rangi angani?" Hapana, na hilo tunalisema kabla ya kupokea hela ya mtu.

Darubini hii imetengenezwa kwa ajili ya jicho. John Dobson, aliyeieneza kutokea San Francisco, alitaka mtu wa kawaida aone mbali kwa gharama ndogo: kioo kikubwa, bomba, na kitako cha mbao kinachosukumwa kwa mkono. Kitako hicho hakifuati nyota. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kila dakika 2 hivi Mwezi husogea kiasi cha upana wake wote. Mawingu ya gesi hudai kamera ikusanye mwanga kwa muda mrefu, na humu sekunde 1 tu inatosha kugeuza nyota kuwa vistari.

Wengine huagiza jukwaa la mota la kuweka chini ya kitako ili darubini ifuate nyota. Tafadhali tuulizeni kwanza! Mhimili wa jukwaa lazima uelekee ncha ya anga, yaani pale ambapo nyota zote huonekana kuzunguka, na Tabora ipo nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, hivyo mhimili unakuwa karibu kulala kabisa. Jukwaa lililoundwa kwa nyuzi 40 au 50 za Ulaya halitufai.

Mwezi, Mshtarii na Zohali, hapo ndipo Dobson inapotamba. Funga simu kwenye lenzi ya kutazamia kwa kishikio (tunacho), punguza mwanga, rekodi video sayari ikikatiza. Dakika moja inatosha. Baadaye programu ya bure ya AutoStakkert huchambua fremu zilizotulia na kuzipandanisha ziwe picha moja safi. Mwezi mpevu tunaukwepa. Ukiwa nusu, vivuli huchora kila shimo na kila mlima.

Mwenye kamera kubwa aje nayo tuijaribu mchana, maana mara nyingi haifikii fokasi bila lenzi ya Barlow, lenzi ya ziada inayosogeza fokasi nje zaidi.

Juni na Julai ndiyo miezi tunayoipendekeza, kabla moshi wa mioto ya porini haujatanda. Chukua darubini jua halijazama, uiweke nje angalau nusu saa ili kioo kipoe.