Gesi nzito, ardhi yenye matundu

Ndugu Mhariri,

Likija suala la kupanua ghala la gesi ya kupikia hapa Unguja, watu huitwa kwa sheha, husomewa muhtasari wa tathmini ya athari kwa mazingira, na maswali mengi huwa ya ajira. Tungependa la kwanza liwe hili: ikivuja saa nane usiku, gesi itakwenda wapi?

Wengi huichanganya na gesi asilia ya Songosongo, ambayo ni nyepesi kuliko hewa na ikitoka hupanda. Gesi ya mitungi ni propani na butani. Uzito wake ni kama mara moja na nusu hadi mbili ya hewa, hivyo hutambaa chini na kufuata bonde kama maji. Ikifika asilimia 2 hivi hewani, inaweza kushika moto. Mtungi mmoja wa kilo 15 ukivuja wote unaweza kuchafua hewa ya mita za ujazo kama 350 kwa kiwango hicho, yaani vyumba kumi vya kulala. Tangi la ghala ni la tani 100.

Tathmini za kunakili huchora duara kuzunguka tangi na kuandika umbali. Kwenye maweni duara halitoshi. Jiwe letu lina mapango, visima vya kuchimbwa kwa mkono na makaro yenye vifuniko vya kuegesha tu. Gesi ikiteremka kisimani hutulia humo, na asubuhi mwenye nyumba akibonyeza swichi ya pampu, cheche moja inatosha. Inayotakiwa ni ramani ya miteremko na kila tundu lililo upande wa mteremko, nje ya uzio.

Upepo nao huhesabiwa kwa wastani wa mwaka, na wastani huo unapendeza kwa sababu kaskazi na kusi hutawanya gesi. Hatari iko tanga mbili, kipindi cha kati ya kaskazi na kusi, usiku, hewa imetulia na umande, yaani upepo mwepesi wa nchi kavu, unasukuma polepole kuelekea pwani. Hesabu ifanywe kwa usiku huo.

Tuje kwenye maji. Tangi linalounguzwa na moto wa jirani hupoozwa kwa lita kama 10 kwa dakika kwa kila mita ya mraba ya bati lake. Tangi la tani 100 lina mita za mraba karibu 280, kwa hiyo linataka lita 2,800 kwa dakika. Kwa saa mbili ni lita 336,000, na ukipooza matatu yaliyopangana inapita kidogo lita milioni moja. Ripoti ikisema "maji yatatoka kwenye mfereji wa mji", na mfereji wenyewe ni wa zamu, irudishwe kwa mwandishi wake. Maji ya bahari yanafaa, ila mabomba lazima yasafishwe kwa maji baridi kila baada ya majaribio, la sivyo chumvi itaziba matundu ya kunyunyizia.

Njia nzuri zaidi ni kulifukia tangi, kwani likifunikwa vizuri moto haulifikii. Lakini kwa hesabu yetu tangi moja la ukubwa huo linakula mchanga wa gari zaidi ya 200, na mchanga kisiwani ni mgogoro tayari. Wa ufukweni hautakiwi kabisa, kwani chumvi yake inakula chuma upande usioonekana. Tathmini itaje shimo mchanga utakakotoka, na kinga ya umeme dhidi ya kutu itapimwa na nani.

Kosa kubwa kuliko yote ni kupima tangi jipya peke yake. Upanuzi huongeza mzigo juu ya mabomba na vali za zamani. Huko Aliso Canyon, California, ghala la gesi asilia la chini ya ardhi lilivuja kuanzia Oktoba 2015 hadi Februari 2016. Kilichopasuka ni bomba la kisima kilichochimbwa miaka ya 1950, lililoliwa na kutu kutoka nje. Na pale Feyzin, Ufaransa, tarehe 4 Januari 1966, walikuwa wakimwaga, kupitia vali mbili, maji yaliyojikusanya ndani ya kitako cha tangi la propani. Vali ya juu, iliyo karibu na tangi, ndiyo iliyotumika kupunguza na kuongeza mtiririko, barafu ikaziba, kisha ikaachia ghafla. Mkono wa vali ukachomoka, na vali ya chini ilikuwa imeganda. Wingu likafika barabarani, gari likaliwasha, wakafa watu 18. Utaratibu sahihi ni kufungua ya juu kikamilifu kwanza, kisha kupima mtiririko kwa ya chini, ili barafu ikija igande huko na ya juu ibaki ya kufungia.

Kabla Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira haijatoa cheti, wanaoitwa kwa sheha waombe kupelekwa chini ya tangi la zamani. Wamwambie mfanyakazi wa zamu aonyeshe vali zake mbili na aseme anaanza na ipi.

Wasomaji wako,
Bububu, Unguja