Kaka, usiipake Auster rangi ya jeshi kwanza

Shikamoo kaka,

Picha ulizotuma kwenye kundi la familia tumeziona sote. Shangazi amezionyesha mtaa mzima. Ndege ni nzuri, na furaha yako inaonekana usoni. Ila maneno uliyoandika chini yake yamenikosesha usingizi, na nakujibu hapa hadharani kwa kuwa najua wapo wengine wenye ndege za zamani wanaokabiliwa na jambo hilihili. Umeandika kwamba Auster hiyo, ndege ndogo ya Kiingereza mliyoinunua kwa kuchangiana huko Uingereza "iliruka juu ya Babu kule Burma", na kwamba karibuni fundi anaipaka rangi ya jeshi na kubandika kibao cha shaba chenye jina lake.

Nakuomba usubiri.

Sisemi haiwezekani. Babu alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles), batalioni ya 36, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 divisheni hiyo ililishuka Bonde la Kabaw kwenye mvua na matope, malaria ikiwaangusha watu, hadi ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Ilikuwa sehemu ya Jeshi la 14 la Jenerali Slim, na jeshi hilo lilihudumiwa na Kikosi cha 656 cha RAF, jeshi la anga la Uingereza, kilichorusha Auster. Kwa hiyo Babu akiwa porini kule, Auster zilikuwepo vitani.

Na kazi ya Auster ilikuwa ya kiume hasa. Rubani alikuwa ofisa wa mizinga aliyefundishwa urubani. Anapaa kutoka kiwanja kifupi kilichofyekwa msituni, anaruka chini chini, anatazama makombora yanaangukia wapi, halafu kwa redio anawaelekeza wapiga mizinga wasogeze shabaha. Bunduki ndegeni hakuna. Ana fremu ya mirija ya chuma iliyovikwa kitambaa, na injini ya nguvu za farasi 130. Wanaozienzi ndege za kivita kubwa peke yake wanawapunja watu hawa, na ninafurahi kwamba wewe umeliona hilo.

Lakini Auster si lazima iwe ya jeshi. Kiwanda kilikuwa Leicestershire, na vita vilipokwisha kiliendelea kuunda ndege za raia zinazofanana mno na zile za vita. J/1 Autocrat, kwa mfano, ilitoka kiwandani ikiwa ya raia kabisa, na injini ya Cirrus Minor ya nguvu za farasi 100. Mark V, toleo la jeshi, ilikuwa na injini ya Lycoming. Ungedhani basi ufunue injini tu na jibu umelipata, kumbe injini za ndege hizi zimebadilishwa sana katika miaka themanini. Kuna na zile za jeshi zilizoundwa baada ya vita, AOP.6, ambazo kampuni ya Beagle ilizinunua, ikazijenga upya na kuziuza kwa jina la Terrier zikiwa na namba mpya.

Ndiyo maana nimeikazia macho ile picha uliyopiga ukiwa umeinama mlangoni. Nyuma ya bega lako kuna kibati kidogo cha namba. Kina skrubu mbili: moja ina kutu na rangi ya kijani imeigandia, nyingine inang'aa. Kuna mtu aliwahi kukifungua kibati hicho. Huenda alikuwa anasafisha tu, au alikitoa kwenye ndege nyingine, kama watu wanavyohamisha chesisi namba ya gari. Usikiamini peke yake. Tafuta namba iliyo kwenye fremu yenyewe, na ujue kwamba namba ya fremu na namba ya uundaji ni vitu viwili tofauti; watu wengi wamezichanganya na kujikuta wanafuatilia maisha ya ndege nyingine.

Ukiipata namba ya uundaji, nenda kwenye rejesta ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza. Iko mtandaoni, na kurasa za zamani zimepigwa picha zikiwa na miandiko ya makarani. Humo utaona nani aliisajili mara ya kwanza kama ndege ya raia na lini. Kama ilikuwa ya jeshi, utatafuta namba yake ya RAF, yenye herufi mbili na tarakimu tatu. Mark V nyingi zilianza na NJ, RT au TJ. Usihesabu kwa kukisia kutoka namba ya jirani yake, maana RAF waliacha mapengo makusudi ili adui asijue wana ndege ngapi.

Halafu kadi. Jumba la makumbusho la RAF kule London linatunza kadi za mienendo, Fomu 78, kila ndege na yake: tarehe, na kifupisho cha kikosi au bohari iliyopokea. Hapo ndipo moyo unapodunda. Ukiona MU (bohari ya matengenezo), MU tena, kisha kuuzwa, maana yake ilitoka kiwandani ikalala bohari mpaka vita vikaisha. Mark V nyingi za mwishomwisho ziliishia hivyo. Ukiona imepelekwa ng'ambo, kadi mara nyingi hunyamaza hapohapo. Kuanzia hapo ni shajara za vikosi zilizoko Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, fungu la AIR 27, na daftari za marubani ambazo familia zao bado wanazo makabatini.

Tena usiruke pengo lolote kwenye daftari la ndege, kwa sababu ndege hutoka jeshini kwenda uraiani, na pia uraiani kwenda jeshini. Unaujua uwanja wa Wilson pale Nairobi. Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni yake ya ndege mwaka 1929, na vita vilipoanza mwaka 1939 ndege zake za abiria na marubani wake wakaingizwa jeshini, kwenye Kenya Auxiliary Air Unit. Ndege ya raia inaweza kuwa na miaka ya kijeshi katikati.

Sasa huo mchoro wa rangi. Umechora mistari myeusi na myeupe ya uvamizi wa Normandy kule Ufaransa, na duara lenye kitone chekundu. Burma hapakuwa na mistari hiyo. Na kule Asia Waingereza waliiondoa nyekundu kwenye maduara yao ili ndege zao zisidhaniwe za Wajapani. Ukiipaka hivyo, mzee yeyote aliyesoma habari za vita vile ataona kasoro kabla hujazima injini, na jina la Babu litakuwa limeandikwa papo hapo chini yake. Hilo ndilo linaloniuma. Babu alikuwa Kalewa kweli; karatasi zake za kuachishwa jeshi ziko kwenye sanduku la bati kwa shangazi, namba ya batalioni na yote. Hahitaji kushikiziwa hadithi.

Basi mzuie fundi asipige msasa. Kitambaa bila shaka kimebadilishwa mara kadhaa, lakini kwenye vibati vya mlango na kifuniko cha injini rangi za zamani huwa zinabaki, tabaka juu ya tabaka. Asugue taratibu kipande kidogo tu, mpige picha kila rangi inayojitokeza. Nitumie hizo, pamoja na kile kibati kwa karibu, namba ya fremu, na ukurasa wa kwanza wa daftari la ndege. Mimi nitaanza na rejesta usiku huuhuu ukishanipa namba. Safari ya Kew ni yako, maana uko karibu. Ukienda omba pia shajara za Kikosi cha 656 za mwaka 1944, kuanzia Agosti hadi Desemba. Hizo nitazisoma hata kama ndege yenu haimo.