Saa moja ya kibarua si ajira

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Lakini ile habari yenu ya juzi, kwamba ukosefu wa kazi katika miji ya Pwani unapungua, na Malindi mkaitaja, imenikwama kooni.

Hesabu hizo najua zinavyopatikana, maana moja ilifanyiwa barazani kwangu, hapa Maweni. Alikuja binti na tableti yake, ana heshima zake, nikamkaribisha kiti. Akamuuliza kijana wangu wa pili: katika siku saba zilizopita umefanya kazi yoyote ya malipo, hata ya saa moja? Kijana hajui kusema uongo. Akajibu ndiyo, Jumanne alisaidia kushusha samaki ufuoni Shela, akapewa shilingi 150 na vichwa viwili vya nguru. Binti akabonyeza. Nikamuuliza, mwanangu, umemwandika vipi? "Ameajiriwa, baba." Nikamwambia afute. Akanieleza kwa upole kwamba hawezi, ndiyo kanuni ya Shirika la Kazi Duniani, saa moja kwa wiki yatosha. Mhariri, huyo kijana ana cheti cha upishi. Kwa karo yake tuliuza mbuzi wanne na vidani vya mamake. Vile vichwa vya nguru tulivitia mchuzi wa nazi na yeye hakugusa. Alikaa barazani mpaka giza likaingia, kisha akaniuliza, "Baba, kumbe mimi nina kazi?" Sikuwa na la kumjibu, na hata leo sina.

Tena asingeshusha hao samaki, bado angeweza kuachwa nje ya hesabu ya wasio na kazi, kwa kuwa asiye na kazi kwao ni yule aliyehangaika kutafuta ndani ya wiki nne zilizopita. Ni wangapi watatafuta kazi ya hoteli Malindi mwezi wa Mei? Kusi linavuma, mwani umejaa ufuoni, hoteli nyingi zimefunga. Nimepika hotelini miaka 22. Wenzangu waliandikwa Julai wakaachishwa Aprili, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka Machi 2020 ndege za Waitaliano zilipokoma kwa ajili ya korona. Wengi wa walioitwa tena waliitwa kwa kibarua cha siku.

Na kila wakiitwa wanadaiwa makaratasi. Cheti cha maadili mema cha polisi, shilingi 1,050. Cheti cha afya cha wapishi. Picha, nakala, nauli. Asiye na kazi azitoe wapi? Mwaka jana kijana wangu alilipia vyote, hoteli moja ikamweka siku tisa, kisha akaambiwa wageni wamepungua. Sasa vile vyeti vimepitwa na muda na anatakiwa alipe upya. Hilo mbona hamliandiki?

Naomba watu wahesabiwe mara mbili kwa mwaka, Januari na Mei, na swali liwe moja tu: katika siku 30 zilizopita umelipwa siku ngapi? Mhesabu asije majumbani saa nne. Asimame kwenye malango ya hoteli za barabara ya Casuarina saa kumi na mbili asubuhi, awahesabu walioshika bahasha za kaki zenye vyeti, wakingoja kazi. Majibu ya miezi yote miwili myachape ukurasa mmoja, yasomwe pamoja. Mwandishi wenu akitaka kujionea, aje Mei. Nitampeleka mwenyewe, na kijana wangu tutamkuta pale langoni.

Mpishi mstaafu,
Maweni, Malindi