Tope la Kapchorwa linataka kwadi gani?

Ndugu Mhariri,

Naomba ushauri wako na wa wasomaji wenye uzoefu. Tunataka kununua kwadi, yaani ile pikipiki ya magurudumu manne, mpya kabisa. Tunaishi Kapchorwa, mashariki mwa Uganda kwenye Mlima Elgon, juu kidogo ya maporomoko ya Sipi, na nyumbani hatuelewani. Mume wangu anataka moja, shemeji yangu, yaani mdogo wake, anataka nyingine, na mimi katikati nimeanza kuegemea ya tatu. Pesa ni za sote, zimetokana na kahawa na ziko SACCO. Kila Jumapili baada ya chakula mjadala unaanza upya, na mama mkwe ameshatuambia tukautolee nje.

Kwadi ni ya nini? Kwanza ni ya kuendesha njia za mlimani, sisi wenyewe pamoja na wageni wanaokuja kuangalia maporomoko halafu wanauliza kama kuna kitu kingine cha kufanya. Tunaanza na moja. Tukiona inalipa tutaongeza. Siku ambazo hakuna mgeni itabeba mbolea kwenda shambani na kuteremsha kahawa. Mume wangu anasema kazi ndiyo ya kwanza na matembezi ndiyo ya pili. Nimemwachia aseme hivyo kwa sababu anayeshika ufunguo wa sanduku la SACCO ni yeye.

Sasa niwaeleze tope lenyewe, maana nimeona watu wengi wanashauriana kuhusu kwadi kana kwamba tope ni la aina moja. Barabara kuu ya Kapchorwa kwenda Suam imeshawekwa lami, lakini ukiiacha tu na kuingia ndani unakutana na udongo mwekundu wa volkano ya Elgon. Mvua ikinyesha, juu unateleza kama mlenda, ila chini kuna sakafu ngumu. Huko bondeni Bulambuli ni tofauti kabisa: udongo mweusi, unanata, unajaza tairi mpaka meno hayaonekani. Sisi tutapita zaidi kwenye mwekundu, na mara chache tutashuka kwenye mweusi.

Linalonisumbua kuliko utelezi ni mifereji ya matairi. Fuso za kubeba mahindi na Canter za kahawa zinapita njia hizo hizo zikiwa na mzigo, zinachimba mifereji miwili mirefu, na katikati linabaki tuta. Juu ya tuta hilo bodaboda wamejitengenezea kijinjia chao chembamba. Kwadi ina upana wa kama mita moja na robo hivi. Haitoshi kukanyaga mifereji yote miwili, na kwenye kijinjia cha boda haienei. Basi gurudumu la kushoto linazama mferejini, la kulia linapanda tuta, mwendeshaji amelala upande, tumbo la mashine linasugua udongo. Nimeliona hilo kwenye kwadi ya kukodi iliyoletwa huku na kijana mmoja kutoka Jinja. Ilikwama si kwa sababu ya kukosa nguvu, bali kwa sababu magurudumu mawili yalikuwa yakizunguka hewani.

Shemeji jibu lake ni ukubwa. Anataka Can-Am Outlander ya toleo la X mr, lile lililotengenezwa kwa ajili ya tope. Nakiri ni mashine ya kutamanisha: rejeta ya kupoza injini imehamishwa kutoka chini ikawekwa juu mbele ili isizibwe na matope, njia za kuvuta hewa zimeinuliwa, winchi ya kujivuta kwa kamba inakuja nayo, na yale makubwa yana matairi ya inchi 30. Tairi refu linainua tumbo, na tumbo likiinuka tuta halikusumbui. Hapo shemeji yuko sahihi.

Lakini yale makubwa yana uzito unaozidi kilo 400. Mimi ni mwepisi, sifiki hata kilo 60. Kwadi haiendeshwi kama gari; unaiendesha kwa mwili. Ukipanda kilima unaegemea mbele, ukikata mteremko kwa ubavu unahamishia uzito upande wa juu. Mtu wa kilo zangu akiegemea kwenye mashine ya kilo 400, mashine haina habari. Na ikilala ubavu huko juu ya Tegeres, nani ataiinua? Shemeji anasema winchi. Winchi inataka mti, na miti iliyo kando ya njia zetu ni ya watu: kalitusi changa za mzee fulani, au mibuni. Ukifunga kamba kwenye mbuni wa jirani, kesho uko mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, unajieleza.

Jambo la pili ni mkanda. Can-Am, kama kwadi nyingi za siku hizi, haina gia za kubadilisha; nguvu inapita kwenye mkanda wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Kuendesha ni raha, unabonyeza kidole gumba tu. Ila maji yakiingia kwenye kasha la mkanda, mkanda unateleza na mashine inanguruma pasipo kwenda, mpaka ufungue kizibo cha chini umwage maji. Na ukilazimisha kusukuma tope zito pasipo kuingiza ile gia nzito ya mwendo wa polepole, mkanda unaungua. Mafundi wa boda hapa mjini ni hodari. Bajaj Boxer wanaifungua na kuifunga huku wanapiga soga. Lakini mkanda wa kwadi hauchongwi kwenye tairi kuukuu. Ukikatika unasubiri mwingine, na mgeni aliyelipia asubuhi hawezi kusubiri.

Ndiyo maana mume wangu anashikilia Honda, ile Rancher, TRX420. Haina mkanda. Ina gia za chuma ndani ya mafuta kama pikipiki, na injini imelazwa kwa urefu ili nguvu iende moja kwa moja kwenye shafti za mbele na nyuma. Kuna ya kubadilisha gia kwa mguu, kuna ya vitufe, kuna ya kujibadilisha yenyewe. Ina sindano za kielektroniki za kunyunyizia petroli badala ya kabureta, jambo la maana kwetu tulio zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, kwa sababu kabureta iliyosetiwa Kampala ikifika huku inamwaga petroli kuliko hewa iliyopo. Uzito wake ni wa wastani, hata mimi naimudu.

Tatizo la ile Rancher ya bei ya chini ni eksel ya nyuma. Ni moja nzima, imeshika magurudumu yote mawili, na difu, lile kasha la gia linalozungusha eksel, inaning'inia kwa chini. Nafasi kati ya tumbo na ardhi ni kama sentimita 16 tu. Rudi kwenye lile tuta la katikati uone mwenyewe. Kwa upande wake, eksel nzima haibonyei ukipakia magunia, na ukikata kilima kwa ubavu mwili wa mashine hauyumbi sana. Tena haina ile mipira mingi ya kufunika viungo vya eksel, ambayo kisiki cha mbuni kikiichana tu, mchanga unaingia na kiungo kinakufa.

Mimi nimevutwa na Yamaha Kodiak 450. Kila gurudumu la nyuma lina mguu wake, linapanda na kushuka peke yake, tumbo liko juu kama sentimita 24, na injini ni ya wastani. Ina mkanda, ndiyo, lakini mfumo wa Yamaha unaushika mkanda ukiwa umekazwa muda wote, na ukiachia mafuta kwenye mteremko injini inakushikilia mpaka chini. Kwa mtu anayeteremka kutoka huku kwetu hilo ni kubwa. Breki zikilowa tope si za kuaminiwa, na diski zilizo nje hukwanguliwa na mchanga mpaka pedi zinaisha kabla ya wakati. Nataka injini inayonisaidia kushuka.

Mtu ataniuliza: si ununue Honda Rubicon, yenye gia na yenye miguu huru nyuma, umalize ubishi? Nimeifikiria. Inaonekana ndiyo jibu la kitabuni. Lakini bei yake, ukishaweka ushuru na VAT ya asilimia 18, inameza pesa ya winchi, ya matairi, ya kofia za chuma na ya spea za akiba, na inabaki kwadi tupu uwanjani. Hapa ndipo naomba wenye uzoefu waniambie kama nijibane nifike kwenye Rubicon, au ninunue Kodiak na hela inayobaki niivishe vizuri.

Kuhusu matairi nina msimamo wangu, mnirekebishe kama ninyi mmeona tofauti. Ya kiwandani yana meno mafupi, kwenye udongo mwekundu uliolowa yanajaa yanakuwa laini. Yale ya tope yenye meno marefu yaliyoachana yanajisafisha yenyewe yakizunguka. Lakini nayo yakizidi ukubwa yanaelemea mkanda na eksel, na yanachimba njia. Njia hizi si zetu peke yetu. Alfajiri wanapita wakimbiaji, na Kapchorwa ndiyo iliyowatoa kina Stephen Kiprotich na Joshua Cheptegei. Halafu wanapita watoto wa shule, halafu punda. Nikizichimba kwa meno ya sentimita nne, wageni wangu hawatakaribishwa tena. Kwa hiyo nafikiria meno ya wastani, yaliyoachana, na yasiyozidi inchi moja juu ya kipimo cha kiwandani.

Na upepo! Tairi la kwadi linataka upepo wa kama psi 5 hadi 7 tu (psi ndiyo kipimo kilicho kwenye geji) ili likumbatie ardhi. Yule kijana wa Jinja alipeleka mashine kwa fundi wa tairi pale stendi, fundi bila kuuliza akajaza 30 kama za boda, kwadi ikaanza kurukaruka kwenye mawe mithili ya mpira. Geji za stendi nyingi hata hazisomi chini ya 10. Nimeshaamua geji ndogo ninunue kabla ya kwadi yenyewe.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mume na shemeji hawalitilii maanani, nami linaninyima usingizi. Huku kwetu chombo chochote chenye kiti ni cha kubeba watu. Boda inapakia mishikaki, seuze kwadi yenye karia pana nyuma. Nyingi ya hizi nilizozitaja ni za mtu mmoja. Ukipakia wa pili nyuma, uzito unahamia juu ya eksel ya nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, na kilimani mashine inaweza kupinduka kinyumenyume na kuwaangukia. Australia walifikia hatua ya kulazimisha, kuanzia Oktoba 2021, kila kwadi mpya ya kazi iuzwe ikiwa na fremu ya kumlinda mwendeshaji isimlalie ikipinduka, na Honda na Yamaha waliona heri waache kuuza kwadi hizo kule. Sasa nani atamkatalia mwenyekiti wa kijiji lifti? Shemeji anasema tununue ile ya viti viwili, yenye shasi ndefu. Naogopa urefu huo kwenye kona za njia zetu, na bado hautazuia mtu wa tatu kupanda.

Kuhusu muuzaji sitasema mengi. Duka moja la Kampala nililipigia simu nikauliza swali dogo tu: mkanda, mipira ya eksel, chujio la hewa na pedi, mnazo dukani leo? Niliambiwa kila kitu kinapatikana. Nikauliza leo? Nikaambiwa kwa oda. Oda ya muda gani? Simu ikakatika, na nilipopiga tena haikupokewa. Soko la spea la Kisekka, Kampala, najua nitapata beringi, kwa kuwa beringi ni namba tu, na plagi pia. Vingine sina hakika ya kuvipata huko.

Basi maswali yangu ni haya. Walio na Kodiak kwenye milima yenye mvua, huko Kasese, Kisoro, Kabale au hata ng'ambo Bungoma na Kilimanjaro: mkanda unawakalia vipi, na mnabeba wa akiba? Walio na Rancher ya eksel nzima: mnapitaje kwenye tuta la Fuso, mmeweka bamba la chuma chini ya difu au mnazunguka tu? Na mwenye mashine ya kuvukia tope ya kilo 400 aliyewahi kuitoa mferejini na watu wanne na kamba, anieleze ukweli, nimsomee shemeji Jumapili. Msimu wa kahawa unafunguliwa karibuni, na mume wangu amesema fedha zikikaa mpaka hapo atanunua ng'ombe.

Wako,
Mama wa Kapchorwa