Shosti, usibonyeze Y kabla hujasoma

Shosti wangu,

Mambo? Meseji yako ya kuuliza utapataje nafasi kwenye kompyuta yako ya Ubuntu (ule mfumo wa Linux unaoiendesha) niliisoma nikiwa kwenye mwendokasi nimesimama, Kimara mpaka Kivukoni watu tumebanana, nikasema hii siijibu kwa vipande vipande, nikifika nyumbani namwandikia barua nzima. Ndo hii.

Kwanza ile kamandi aliyokupa huyo kijana wa ofisini kwenu, usiibandike. Najua anataka kukusaidia, na kweli diski yako imejaa, lakini sudo apt purge -y python3 eti kwa sababu we huandiki Python (lugha ya kuandikia programu) na inakula nafasi, hapana jamani. Hiyo sudo ni kuomba ruhusa ya mkuu wa mashine, apt ndo chombo cha Ubuntu cha kuweka na kutoa programu. Kwenye Ubuntu kuna vitu kibao vya mfumo wenyewe vinaiegemea hiyo Python, ukiitoa inaondoka na vyote vinavyoitegemea, desktopu ikiwemo, unawasha mashine unakutana na skrini nyeusi na maandishi. Afu hiyo -y aliyoweka pale maana yake "jibu ndiyo kwa kila swali", yaani hata nafasi ya kushtuka huna. Kamandi yoyote ya kutoa kitu ukiiona ina -y, ifute hiyo -y kwanza, mengine baadaye.

Maana apt bwana haikufichi kitu. Kabla ya kufanya lolote kubwa inakuwekea orodha: hivi vinaingia, hivi vinatoka, utadaunlodi MB kadhaa, diski itaongezeka au itapungua kiasi kadhaa, afu ndo inauliza Y au n. Sisi tunaona maandishi mengi tunabonyeza Y twende zetu. Kuna yule Mkanada wa YouTube, Linus Sebastian, mwaka 2021 alikuwa anajaribu kuinstoo Steam, ile ya magemu, kwenye Pop!_OS, mfumo uliotokana na Ubuntu, sasa pakeji (furushi la programu) ya Steam siku hizo ilikuwa na hitilafu, apt ikamwambia wazi kwamba inabidi itoe vitu muhimu vya mfumo, ikamtaka aandike sentensi nzima "Yes, do as I say!" ndo iendelee, na yeye akaiandika! Desktopu ikaondoka mbele ya kamera. Watu walimcheka ila mi naona ni sisi wote tu, nani anasomaga? Baada ya pale waliotengeneza apt wakaibadilisha, sentensi ile peke yake haitoshi tena kutoa pakeji za lazima. Lakini zile za kawaida bado ni Y yako tu inayoamua.

Kwa hiyo ukitaka kutoa kitu, jaribu kwanza bila kutoa. Unaandika apt -s remove na jina la programu, hiyo -s inaigiza tu, haigusi chochote wala haihitaji paswedi. Ukiona kwenye sehemu ya REMOVED (matoleo mapya yanaandika REMOVING, kwa rangi nyekundu kabisa) kuna jina moja au mawili unayoyajua, poa, rudia na sudo bila -s. Ukiona orodha ndefu yenye majina kama ubuntu-desktop au gnome-shell, hiyo ndo desktopu yenyewe, ishia hapohapo ukanywe maji. Na ukiwa unaandika paswedi usishangae usipoona hata nyota zikitokea, inaandika hiyo, we malizia tu piga enta.

Sasa tofauti ya remove na purge uliyouliza. Remove inatoa programu ila inaacha mafaili ya mipangilio kule /etc, folda ya mipangilio ya mfumo, ukija kuiweka tena inakuta mipangilio yako ya zamani. Purge inatoa na hiyo mipangilio. Ila zote mbili hazigusi folda yako ya nyumbani, kwa hiyo picha zako na mambo yako yako salama, na pia ile mipangilio iliyojificha humo ndani ya folda ya .config inabaki palepale, hiyo unafuta mwenyewe kama inakukera. Kwa shida yako ya nafasi purge haitakusaidia zaidi ya remove, mafaili ya mipangilio ni madogo mno.

Penye nafasi ni kwingine. Ukiinstoo programu ni kama kukaribisha mgeni wa harusi, anakuja na ndugu zake, na akiondoka mgeni ndugu wanabaki sebuleni. Hao ndo unawatoa kwa sudo apt autoremove, na humohumo zinatoka kerneli (kiini cha mfumo) za zamani ambazo apdeti za kerneli zinaziacha, moja tu ni mamia ya MB. Lakini hapo pia SOMA orodha, maana inaweza ikaorodhesha kitu unachokitumia kila siku, kwa sababu tu kiliingia kama ndugu wa kitu kingine. Ukikiona, bonyeza n, andika sudo apt-mark manual na jina lake, haitakigusa tena.

Cha pili, snap, aina nyingine ya pakeji ambayo haipiti kwenye apt. Kwenye Ubuntu kuanzia 22.04 Firefox inakuja kama snap, sio pakeji ya kawaida, na snap inatunza toleo la zamani pembeni likisubiri kama jipya litazingua, kwa hiyo kila kitu kinakaa mara mbili. Andika snap list --all, yale yaliyoandikwa disabled ndo mazee yenyewe. Na ukitoa programu nzima kwa sudo snap remove inahifadhi kwanza kopi ya data yake, ukitaka isihifadhi ongeza --purge. Mi snap siipendi, sikufichi, ila kwa Firefox iache tu usijitafutie kesi.

Kuhusu bando. sudo apt update haiinstoo kitu, inaleta tu orodha mpya ya kilichopo, sudo apt upgrade ndo inayoleta matoleo mapya na kula bando, so ukiwa na bando la kuungaunga soma ule mstari wa MB kabla hujakubali, au subiri bando la usiku. Kitu kingine ambacho watu hawajui, ukitumia apt-get, ndugu mkubwa wa apt, mafaili ya .deb (ndo pakeji zenyewe zilizodaunlodiwa) yanabaki kule /var/cache/apt/archives, unaweza kuyabeba kwa flashi ukampelekea mwenye toleo lile lile la Ubuntu. Kwako wewe mwenye diski iliyojaa ni kinyume, piga sudo apt clean uone kama ilikuwa imejirundika. Na ukiwa na faili la .deb mkononi usitumie dpkg -i (dpkg ndo inayofanya kazi chini ya apt, ila haitafuti ndugu), andika sudo apt install ./jina.deb, hiyo nukta na mkwaju ni lazima, itakutafutia na vingine inavyovihitaji.

Umeme ukikatika katikati na betri yako hiyo ya mtumba ya mtaa wa Aggrey ikazima, usipaniki: sudo dpkg --configure -a, afu sudo apt --fix-broken install, mara nyingi inakaa sawa. Na ikikwambia kuna lock, yaani apt imefungwa kwa muda, mara nyingi mashine inajiapdeti yenyewe nyuma ya pazia, subiri. Watakwambia ufute faili la lock. Usifute!

Ukishasafisha ndo uweke hiyo GIMP ya kuhariri picha unayoitaka, apt show gimp kwanza itakuonyesha ukubwa wake. Ila kesho kabla ya yote piga df -h (inaonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski) na apt -s autoremove, unitumie skrinishoti za zote mbili, nitaziangalia mchana nikiwa kazini. Na huyo kijana mwambie asante, ila -y yake abaki nayo.

Wasalimie wote hapo Dodoma.

Shosti wako wa Kimara