Wifi yangu, mtoto kuwa mkubwa sio mapafu kukomaa

Wifi, juzi pale Mwaloni uliponiambia unataka umbane daktari akuzalishe wiki ya 36 eti kwa sababu altrasaundi imeonyesha mtoto ana kilo 3 na nusu, nilinyamaza tu, mama mkwe alikuwa anachagua dagaa hapohapo na unamjua. Ngoja niandike huku, na wengine wenye kisukari cha mimba wasome.

Wa kwangu alitoka wiki hiyohiyo ya 36 na kilo 3.8. Ndugu wanashangilia dume hilo, mimi namwangalia kila akivuta pumzi kifua kinabonyea, pua zinatanuka, anaguna kama mtu anayepandisha gunia kwenye mawe ya Mabatini. Siku 6 za oksijeni wifi, namkamulia maziwa kwenye kikombe.

Kumbe sukari yetu inapita kwenye kondo inamfikia mtoto, kongosho lake linajibu kwa kumwaga insulini nyingi, insulini hiyo inamnenepesha halafu hiyohiyo inachelewesha mapafu kutengeneza sarfaktanti, ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa kugandana kama mfuko wa nailoni uliolowa. (Ile unayojichoma wewe haivuki kwenda kwake, kwa hiyo acha kuirukaruka.)

Zamani walikuwa wanapima kabisa, sindano tumboni, wanavuta maji ya uzazi wanalinganisha mafuta mawili, lesithini na sfingomielini, ya kwanza ikifika mara 2 ya mwenzake basi mapafu tayari. Ila kwa sisi wa sukari kipimo kilikuwa kinadanganya, 2 imefika na mtoto bado anazaliwa anahema vibaya, ikabidi waangalie na mafuta mengine, fosfatidiligliseroli, yanayojitokeza mwishoni kwenye wiki ya 35 au 36, na kwetu yanaweza kuchelewa zaidi. Siku hizi sindano hiyo wameiacha kwa sehemu kubwa, maana hata mapafu yakiwa poa mtoto aliyewahishwa bado anaweza kushuka sukari, kupata manjano, kushindwa kunyonya. So usiende kuidai.

Wanachoangalia ni wiki zilizohesabiwa vizuri, ndo maana ile altrasaundi ya mwanzo usiitupe, na sukari yako ikoje. Ikitulia na hakuna shida nyingine, unasogea mpaka wiki ya 39. Presha ikipanda au sukari ikigoma wao wenyewe watakuwahisha, na wakikupa sindano za kukomaza mapafu ujue zitakupandisha sukari siku kadhaa, pima mara nyingi. Mtoto akipunguza kucheza nenda siku hiyohiyo, usimsubiri kaka arudi toka Ukerewe.

Sukari yako asubuhi kabla ya kula iwe chini ya 5.3 (kwa mashine inayosoma mmol/L), saa 2 baada ya kula chini ya 6.7. Jumamosi nakuletea mashine yangu, stripu zimebaki kama 20. Na ule uji wako wa vijiko vitatu vya sukari nitaumwaga nikiuona.