Barua kwa swahiba wa Baltimore kuhusu Kundi la Mashariki

Scarborough, Toronto
1 Machi 2026

Swahiba wangu,

Assalaam alaykum, na Ramadhani njema kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Huku sisi hatujambo, ila baridi ndiyo bado imetung'ang'ania. Barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja, hasa ule ukurasa wa besiboli ulioziweka timu zetu tano za Kundi la Mashariki la American League (moja ya zile ligi kuu mbili) kwa mpangilio wako wa msimu huu, kila moja na idadi ya michezo itakayoshinda. Nimekaa nayo baada ya futari, kalamu mkononi, na nina mengi ya kukujibu.

Umewapa Orioles wako wa Baltimore ushindi 96, Yankees wa New York 94, Blue Jays wangu wa Toronto 93, Red Sox wa Boston 92, Rays wa Tampa 83. Ukijumlisha unapata 458. Hapo ndipo tunapoachana. Kila timu inacheza michezo 162, na 52 kati yake ni dhidi ya wapinzani wa kundi lake, 13 na kila mmoja. (Hadi 2022 ilikuwa 19 na kila mmoja, na mimi ningependa irudi vile.) Tano hizi zinakutana kwa jozi 10, kwa hiyo ndani ya kundi kuna michezo 130, na ushindi ni 130 basi, hata wote wawe mabingwa. Ni sinia moja la pilau: mmoja akijisogezea minofu, mwenzake amebaki na wali. Ukitoa hizo 130, timu zetu zinatakiwa zirudi na ushindi 328 kutoka michezo 550 ya nje ya kundi, yaani karibu 6 katika kila 10, na huko nje wapo wakali kama Dodgers wa Los Angeles na Mariners wa Seattle. Mwaka jana, ambapo kundi letu lilipeleka timu tatu kwenye mtoano, jumla ilikuwa 429. Wewe unadai 29 zaidi. Haiwezekani wote wakapanda, ndugu yangu. Lazima umtaje atakayeshuka, na hicho ndicho ulichokikwepa.

Na hiyo michezo 13 na kila jirani usiichukulie kama sehemu ndogo. Tazama yaliyowapata Yankees mwaka jana. Walifunga mikimbio (ndiyo pointi za mchezo huu) 849, mingi kuliko timu yoyote katika ligi zote mbili. Aaron Judge wao alipiga homurani 53 (mipira ya kuvuka uzio wa uwanja), akawa mpigaji mwenye wastani bora kwa .331, akachaguliwa mchezaji bora kwa mara ya tatu. Wakamaliza na 94-68, sawasawa na Toronto. Sasa siku hizi hakuna mchezo wa ziada wa kuamua. Inatazamwa nani alimshinda mwenzake. Toronto ilikuwa imeshinda 8 kati ya 13, zikiwamo 4 mfululizo hapa Rogers Centre kuanzia siku ya mwisho ya Juni. Boston nao wakawafunga Yankees 9 kati ya 13. Jumlisha: dhidi ya wapinzani wao wawili wakubwa, Yankees walishinda 9 na kupoteza 17. Dhidi ya dunia nzima iliyobaki walikuwa 85-51. Kama mechi moja tu na Toronto ingegeuka, tungekuwa tunasimulia habari tofauti. Lakini Blue Jays walipumzika wakisubiri raundi ya pili, Yankees wakaenda kumaliza nguvu kwa Boston katika raundi ya mechi tatu, kisha wakaja wakatolewa na Toronto 3-1.

Ndiyo maana ninapokadiria kundi hili sitazami kwanza nani kanunua mpigaji gani. Natazama mikono ya warushaji wa mpira. Nauliza: Septemba ikifika, nani bado ana warushaji wanne wazima wa kuanza mchezo? Mpigaji mkubwa unamwona kila siku na anakujaza moyo, lakini mrushaji akiumia kiwiko mwezi Mei anapotea mwaka mzima, wakati mwingine miwili, na nafasi yake anajaza kijana aliyepandishwa jana kutoka ligi ndogo. Kwa kipimo hicho, nikutajie ninavyowaona.

Nianze na wako, maana najua ndio uliosubiri. Pete Alonso ni mtu wa kufurahiwa, na sikulaumu kwa furaha yako. Miaka 5, dola milioni 155, homurani 38 mwaka jana akiwa na Mets, na jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko hilo: alicheza michezo yote 162, mwaka 2024 na 2025. Taylor Ward naye alipiga 36 kule Angels. Ukiwaongeza kwa Gunnar Henderson, mikimbio mtapata. Ila kumbuka mlikotoka: ushindi 101 mwaka 2023, 91 mwaka 2024, kisha 75 na mkiani, kocha Brandon Hyde akaondoshwa Mei. Wapigaji walifanya vibaya, kweli, lakini kilichowaangusha mapema ni mlimani pale anaposimama mrushaji. Corbin Burnes alikuwa ameshaondoka kwenda Arizona na hakuna aliyeziba pengo lake.

Je, limezibwa sasa? Trevor Rogers alikuwa mtu wa ajabu mwaka jana, akiruhusu chini ya mikimbio 2 kwa kila iningi 9, yaani kwa mchezo mzima, lakini katika michezo 18 tu. Kyle Bradish ana mkono wa dhahabu, nami nampenda kumtazama kuliko mrushaji yeyote wa timu yenu, lakini alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2024 na alirudi Agosti iliyopita tu. Shane Baz mliyemtoa Tampa ana miaka ya mbele, ila mwaka jana aliruhusu karibu mikimbio 5 kwa kila iningi 9. Hawa watatu wakiwa wazima wote hadi mwisho, nitakuwa wa kwanza kukupigia simu ya pongezi. Kuwaombea afya nitawaombea. Kuwakadiria ushindi 96 juu ya viwiko vitatu ambavyo havijathibitika, hapana. Nawapa 85, nafasi ya nne, ushindi 10 zaidi ya mwaka jana, na si haba.

Boston ndio wanaonitia hofu. Juni iliyopita walimuuza Rafael Devers kwa San Francisco, kila mtu akasema wamekata tamaa, nao wakamaliza na ushindi 89. Garrett Crochet alirusha iningi zaidi ya 205 na kutoa wapigaji 255 kwa straiki, yaani kabla hawajaupeleka mpira uwanjani. Sasa wamemwongezea Sonny Gray na Ranger Suárez. Hao ni watatu ambao timu nyingi zingemfanya yeyote kati yao kuwa wa kwanza. Wamempoteza Alex Bregman aliyekwenda Chicago kwa Cubs, na hilo litawauma, kwa sababu alikuwa mwalimu wa wale vijana kama vile alivyokuwa mpigaji. Lakini Roman Anthony akikaa mzima (mwaka jana aliumia Septemba, wakati walipomhitaji zaidi), wataziba. Ushindi 90, nafasi ya pili.

Yankees ninawaweka wa tatu, na najua utashangaa. Wanaanza msimu bila Gerrit Cole, ambaye alipasuliwa kiwiko Machi iliyopita, na bila Carlos Rodón, aliyepasuliwa Oktoba baada ya kushinda michezo 18. Anthony Volpe naye bega. Wanabaki wakimtegemea Max Fried na kijana Cam Schlittler, yule aliyewatoa Boston kwenye mtoano kwa kutoa wapigaji 12. Cole na Rodón wakirudi majira ya joto Yankees watakuwa wakali mno mwezi Agosti. Tatizo ni kwamba ushindi wa Aprili una uzito uleule wa ushindi wa Septemba, na watakuwa wameshapoteza ya kutosha. 88.

Rays sina mengi. Wanarudi uwanjani kwao Tropicana Field baada ya mwaka mzima wa kucheza kwenye uwanja wa mazoezi wa Yankees, kwa kuwa kimbunga Milton kiling'oa paa Oktoba 2024, na nawafurahia kwa hilo. Kucheza nje katika joto la Tampa na mvua zake si mzaha. Junior Caminero alipiga homurani 45. Mwaka jana walifunga mikimbio mingi kuliko waliyofungwa na bado wakamaliza chini ya nusu, dalili kwamba walikuwa bora kuliko rekodi yao. Lakini wamemwachia Baz kwenu na Brandon Lowe kwa Pittsburgh, na tegemeo lao Shane McClanahan hajarusha mchezo wa ligi kuu tangu Agosti 2023. 75.

Sasa wangu. Usidhani ninawaweka juu kwa sababu ninaishi hapa. Mwaka 2024 walimaliza wa mwisho kwa 74-88, mwaka uliofuata wakachukua kundi, wakawatoa Mariners katika mchezo wa 7 kwa homurani ya George Springer, na katika fainali ya World Series dhidi ya Dodgers, usiku wa 1 Novemba, walibakiwa na watu wawili tu wa kuwatoa ili wawe mabingwa wa dunia. Kisha Miguel Rojas wa Dodgers akasawazisha iningi ya 9, mwenzake Will Smith akamaliza iningi ya 11. Mtaa wetu ulikuwa macho nyumba kwa nyumba, na hadi leo nikikutana na watu msikitini habari ile inarudi. Bado inaniuma, swahiba, siwezi kukuficha.

Wamempoteza Bo Bichette, aliyepiga .311, na huyo ni pigo halisi, kwa sababu nguvu ya timu hii ilikuwa kwamba hakuna timu iliyokuwa ngumu kuitoa kwa straiki kama wao. Kazuma Okamoto kutoka Yomiuri Giants ya Tokyo ataziba sehemu. Lakini tazama mikono: Dylan Cease amesaini miaka 7 kwa dola milioni 210, watu wakalalamika kwamba mikimbio anayoruhusu inapanda na kushuka. Mimi natazama kitu kingine. Tangu 2021 hajapungukiwa michezo 32 ya kuanza katika mwaka wowote, na kila mwaka ametoa wapigaji zaidi ya 200 kwa straiki. Mtu wa namna hiyo siku hizi ni adimu. Kevin Gausman naye alirusha iningi 193 mwaka jana. Wazito wawili wasiokosa zamu yao wanawapumzisha wengine wote, hadi wale wa akiba wanaoingia mwisho wa mchezo.

Hofu yangu ni Trey Yesavage. Ana miaka 22, alianza mwaka jana katika ligi za chini pale Dunedin, Florida, na Oktoba akawa anawatoa Dodgers 12 katika mchezo mmoja wa World Series. Mkono mchanga uliorusha hadi Novemba lazima ulindwe, na ningependa wampunguzie kazi Aprili na Mei hata kama itawagharimu michezo miwili mitatu. Kwa ajili hiyo nawapa 92, si 94, na kundi wanalichukua tena kwa shida.

Jumla yangu inakuja 430. Utaona nimeacha nafasi ya ushindi 300 nje ya kundi, mmoja tu zaidi ya mwaka jana. Chukua namba zako uzipange upya kwa hesabu hiyo, na unipe majibu mawili: kati ya Boston na New York nani anashuka kwa ajili ya Orioles wako kupanda, na Bradish unadhani ataanza michezo mingapi. Hilo la pili ndilo ninalotaka kulisikia zaidi, kwa sababu wewe unamwona kwa karibu pale Camden Yards na mimi namwona kwenye skrini tu.

Orioles wakija huku, chumba cha wageni kipo na tiketi nitanunua mimi. Mwambie shemeji watoto waje nao, shule zikiwa zimefungwa. Nisalimie mama ukimpigia simu Mombasa, mwambie dua zake zinafika.

Wako katika urafiki,
Swahiba wako wa Scarborough